Kuvunjwa kwa Bi Mkubwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Uharibifu wa pipa kubwa la mbao katika ghala la mvinyo
Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichomkabidhi ofisa. Kazini naitwa Redio.
Umri: Miaka hamsini na tatu
Kazi: Fundi wa mapipa
Hali ya ndoa: Mgane
Makazi: Chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, jirani na ghala. Naishi peke yangu.

Nimeonywa niseme ninayoyajua mwenyewe, nisichanganye na ya mitaani, na nisirefushe. Mawili ya kwanza nimeyakubali. La tatu nitajitahidi.

Mimi ni fundi wa mapipa. Watu wakisikia hivyo hudhani ni yale mapipa ya bati ya kuwekea maji. Sivyo. Mapipa yangu ni ya mbao, yale ambayo mvinyo hulazwa humo miaka mpaka ulainike. Mbao zake zimepindwa kwa moto na kubanwa kwa pete za chuma, hazina msumari wala gundi. Kazi yangu ni kuzibana zikilegea, kubadilisha ubao uliooza, na kusikiliza. Ukiligonga pipa kwa kifundo cha kidole utajua mvinyo umefika wapi. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nayasikiliza mapipa vizuri kuliko ninavyomsikiliza yeye, na sikuwahi kupata la kumjibu.

Ghala letu lina mapipa madogo mengi, na lina mapipa makubwa machache ambayo hayahamishwi kabisa. Kubwa kuliko yote tunaliita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa ni mrefu kuliko chumba changu na mpana kuliko chumba changu. Ningehamia humo ningepata mahali pa kuweka meza. Alikuwapo kabla mwenye ghala hajazaliwa. Kwa mazoea tunamtaja kama mtu, na jambo hilo tayari limeniletea taabu, maana jana nilipofika hapa kaunta nikasema, "Nimekuja kwa habari ya Bi Mkubwa, nimempasua uso kwa nyundo," askari wa zamu alisimama akaanza kutafuta pingu. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba Bi Mkubwa ni pipa.

Nimeitwa kwa sababu msimamizi wa ghala ameleta malalamiko. Hasemi mwenye kosa ni mimi niliyevunja. Anasema mwosha mapipa wetu, ambaye sote tunamwita Kimbaumbau, alikuwa ndani ya Bi Mkubwa akiwa mzima, akanisikia nikimwita, akanyamaza kwa makusudi, na kwamba ukimya wake ndio ulioleta hasara. Anataka ashtakiwe na aondoke kazini. Mtu pekee aliyekuwa na Kimbaumbau ni mimi. Kwa hiyo nitakachosema hapa ndicho kitakachomponza au kumponya, nami ninalijua hilo. Afande ameniuliza kama nimekunywa. Sijanywa. Harufu hii ni ya nguo. Haitoki hata zikifuliwa.

Nianze na jinsi pipa kubwa linavyooshwa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mvinyo ukishatolewa, pipa hujazwa maji, maji humwagwa, kisha huachwa mlango wazi lipate hewa. Mlango wenyewe uko mbele, chini, na ni mdogo kama dirisha la choo. Mtu hujipenyeza: hutanguliza mkono mmoja, kichwa, akageuza bega, halafu la pili. Mtu asipojisaidia mwenyewe, hata avutwe na watu wanne hapiti. Kimbaumbau hupita kwa sababu ya umbo lake. Jina lake si la kejeli, ni maelezo. Mimi nikijaribu kuingia, itabidi mnizike na pipa lenyewe.

Akishaingia, husugua kuta kwa brashi na mpira wa maji, na mtu mwingine hukaa nje mlangoni. Huyo wa nje hana kazi nyingine ila kuzungumza. Mvinyo huacha hewa nzito inayojikusanya chini ya pipa. Haina rangi, haina harufu. Humfanya mtu asinzie, kisha haamki. Kwa hiyo wa nje husema neno na wa ndani hulijibu, muda wote, mpaka kazi iishe. Si lazima liwe neno la maana. Fundi aliyetufundisha kazi alituambia, "Mkiishiwa maneno, tukaneni." Lakini wa nje akiita mara tatu bila kujibiwa, wa ndani lazima atolewe kwa njia yoyote itakayopatikana. Hiyo ndiyo kanuni yetu, na hatuna nyingine.

Kimbaumbau amekuwa wa ndani na mimi wa nje tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Kimbaumbau si msemaji. Ukimkuta uani ukamsalimia, ataitika, basi. Saa ya kutoka kazini yeye hushika njia yake nami yangu, hata kama ni njia moja. Lakini akiwa ndani ya pipa anajibu, kwa kuwa kanuni inamlazimu. Nitasema jambo ambalo sikuulizwa: siku za kuosha mapipa makubwa nilikuwa naamka mapema. Kwangu nikisema neno, hubaki pale lilipoangukia mpaka nilale. Pale mlangoni nilikuwa nikisema neno, linarudi na mwenzake. Na sauti ndani ya pipa huwa nene, inajaa, kama mtu anayekujibu na ukoo wake mzima umesimama nyuma yake.

Tulikuwa na mpangilio wetu. Nilianza na hali ya hewa, nikaja kwenye mpira, nikamtania miguu yake, kisha kila mara nikauliza, "Shemeji hajambo?" Naye alikuwa akijibu, "Hajambo, anakusalimu." Shemeji ni mke wake. Nimeonana naye mara chache. Nilipofiwa na mke wangu alikuja, akaosha vyombo vyote bila kuombwa, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo sina mtu mwingine wa kunitumia salamu kutoka nyumbani kwake. Jioni nikifungua mlango wangu nilikuwa najiambia, haya, leo nimesalimiwa. Hilo Afande anaweza kuliacha. Naona hakuliacha.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa mbili asubuhi, nilifika ghalani nikamkuta Kimbaumbau ameshavaa buti. Bi Mkubwa alikuwa ameachwa wazi tangu juzi yake. Kimbaumbau alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anakula mkate mkavu kutoka kwenye karatasi ya dukani. Kwa muda mrefu alikuwa anakula hivyo, na kwa muda huohuo mimi nilikuwa namtania.

"Bwana wee, shemeji siku hizi amegoma kupika?"

"Anapika. Mimi ndiye siwahi."

"Si uamke mapema."

"Naamka mapema sana," akasema, akaikunja ile karatasi vizuri na kuitia mfukoni.

Saa mbili na nusu aliingia. Nilimpa brashi, kisha mpira wa maji, nikavuta kiti changu karibu na mlango. Maneno yetu yalikwenda hivi, kadiri ninavyokumbuka:

"Upo?"

"Nipo."

"Kukoje huko?"

"Giza."

"Nilidhani wamekutundikia taa za harusi."

"Bado wanatafuta waya."

"Timu yako jana imefungwa tena."

"Si timu yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Nilicheka, na nilimsikia naye akitoa ile pumzi ya puani ambayo kwake ndiyo kicheko. Nikamwambia achunge miguu yake, nisije nikaja na nyundo kubana mbao nikaibana pamoja nazo. Akasema mbao za pipa ni nene zaidi. Brashi ilikuwa inakwenda vizuri, shwa, shwa, kama kawaida. Ndipo nikauliza, "Shemeji hajambo?"

Brashi ilisimama.

Nilingoja. Nilidhani hakunisikia kwa ajili ya maji, nikauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Maji yalikuwa yanatiririka mlangoni na kupita kati ya viatu vyangu. Nikaita, "Kimbaumbau, upo?" Kimya. Nikaita, "Acha mchezo, bwana, moyo wangu si mzima mimi." Kimya. Mara ya tatu nilimwita kwa jina lake halisi, ambalo sikuwahi kulitumia tangu tufahamiane, na nilishangaa kwamba nalikumbuka.

Nilipiga magoti nikamulika kwa tochi. Niliona buti moja, kisigino kikiwa ndani ya maji, na halikutikisika. Nikaingiza mkono mpaka begani ili nilifikie. Aliyekwama ni mimi. Ilinichukua nguvu kujitoa, na alama yake ninayo, nimemwonyesha Afande. Nikapiga kelele, kisha nikakimbilia karakana yangu kuchukua nyundo kubwa. Nilipokuwa narudi msimamizi alitokea ofisini na kikombe cha chai mkononi.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Natoa mtu."

"Si atokee alikoingilia?"

"Hajibu, mkuu."

"Labda kalala."

"Ndicho ninachokuambia. Kalala."

"Redio! Hilo pipa usiliguse! Ngoja kwanza nimpigie simu mwenye ghala."

"Mpigie, mkuu. Mimi siwezi kungoja."

Naomba iandikwe kwamba nilijua ninachofanya na sikuamriwa na mtu. Uso wa pipa ni mbao zilizosimama wima, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Ukipiga ovyo utamwangushia mtu zote kichwani. Nilichagua ubao wa katikati, ambao mimi mwenyewe niliuweka siku za nyuma nikajisifu mbele ya watu kwamba utanizika. Nyundo ya kwanza ulikataa. Ya pili ulikataa. Nikamwambia Bi Mkubwa anisamehe, msimamizi ni shahidi wa hilo kama atapenda kulisema, na ya tatu ulipasuka kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Niliung'oa, nikaung'oa na wa pembeni yake, nikaingiza kichwa na mabega.

Kimbaumbau alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa pipa, miguu imenyooka, brashi mapajani. Macho yake yalikuwa wazi. Mwanga ulipomfikia aliyafinya kidogo. Nikasema, "Upo?" Hakujibu. Nilimshika makwapani nikamvuta, akaja bila kunisaidia na bila kunizuia, mwepesi kuliko nilivyotazamia, nikamlaza sakafuni. Msimamizi alisimama juu yetu akamwona anapepesa macho. Hapo ndipo aliposema, "Huyu mzima huyu! Huyu alikuwa anakusikia!" Mimi nilikuwa namfuta maji usoni kwa shati langu.

Saa nne tulikuwa zahanati. Nesi alimpima mapigo, akamulika macho yake, akamwekea hewa ya mtungi kwa muda, akasema aachwe apumzike. Kisha akamuuliza, "Baba, ndugu yako wa karibu nani, tumwite?" Kimbaumbau akatazama dari. Nikasema mimi nitakwenda kumwita mkewe. Ndipo aliponishika mkono. Mtu yule hajawahi kunishika mkono, hata wa sikukuu.

"Usiende," akasema.

"Nakwenda na kurudi."

"Redio. Usiende."

Nilidhani hataki mkewe ashtuke. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamweleza polepole, mimi maneno ninayo. Akauachia mkono wangu akafumba macho. Na mimi, kama ilivyo kawaida yangu, nikaenda.

Anakaa vyumba viwili vinavyotazama ua, anachangia bomba na jirani. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Jirani, mama mmoja wa makamo, alikuwa anaanika nguo. Nilimsalimia nikamwambia namtafuta mama wa nyumba ile.

"Mama yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. "Kaka, yule mama aliondoka tangu mvua za mwaka jana. Alikwenda kwa binti yao kulea mjukuu. Baadaye akapiga simu akasema harudi. Wewe ni nani wake?"

"Nafanya kazi na mumewe."

"Siku nyingi?"

"Siku nyingi."

"Na hukujua?"

Sikuwa na la kusema, jambo ambalo wenzangu ghalani hawataliamini.

Nilimuuliza anaishije. Akasema anatoka alfajiri na kurudi jioni, hapiki, hapokei mgeni, hana televisheni. "Ukutani hapo huwa simsikii kabisa," akasema. "Ila mara mojamoja namsikia anaitikia."

"Anamwitikia nani?"

"Hakuna mtu. Anasema tu, hajambo. Ananyamaza. Anasema tena, hajambo, anakusalimu. Mwanzoni nilidhani yuko kwenye simu." Alibana nguo ya mwisho kwenye kamba. "Nilitaka siku moja nimgongee. Lakini mtu mzima mwanamume, utamgongea umwambie nini?"

Nilirudi kwa miguu. Njiani nilizikumbuka zile salamu. Mwaka mzima hazikuwa za shemeji. Alikuwa anazitunga mwenyewe kule kwake, anazijaribu mdomoni zisije zikakwama, kisha ananipa kutoka gizani, kwa sababu nilikuwa nazidai. Nilipita nyumbani kwangu bila kukusudia na nikapitiliza.

Nilimkuta amekaa kitandani, miguu inaning'inia. Nikamwambia nimetoka kwake.

"Najua," akasema.

"Ungeniambia, bwana."

"Ulikuwa unafurahi kusalimiwa."

Nesi alipita mara moja akaangalia, akaenda zake. Kisha Kimbaumbau akasema, "Redio, nilikusikia. Mara zote nilikusikia. Nilitaka kuitika kama kawaida, nikaona sina kitu."

Hapa Afande ameinua kichwa na kuacha kuandika, halafu ameandika. Nimeelewa nilichofanya. Tangu jana nimekaa nikipanga niseme nini na nisiseme nini, na hilo ndilo lilikuwa la kwanza katika yale ya kutosema. Lakini mtu aliyezoea kujaza kimya, ukimkalisha mbele ya mtu anayesikiliza vizuri, atamwaga vyote. Nimemwomba Afande alifute. Amesema lililosemwa halifutwi, ila naruhusiwa kuongeza. Nimeomba maji. Nimeletewa. Naongeza.

Naongeza hivi. Kanuni yetu haimtaki wa nje ajue kwa nini wa ndani amenyamaza. Inamtaka amtoe. Tena hewa ya pipa haianzi na pumzi, inaanza na hamu. Mtu anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ila anaona hakuna haja ya kujibu, afadhali akae hapohapo kidogo. Pumzi hufuata baadaye. Nimewahi kumtoa mwingine, kabla ya Kimbaumbau, na yeye alisema vilevile: nilikusikia, sikuona sababu. Kwa hiyo Kimbaumbau kunisikia hakuonyeshi kwamba hewa haikumpata. Kama ilikuwa hewa ya Bi Mkubwa au ni ile ya vyumba vyake viwili, mimi sikuwa ndani, siwezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni kwamba alikuwa hatoki. Ningengoja simu ipigwe, leo ningekuwa natoa maelezo ya aina nyingine.

Na kama sheria inasema kuna kosa mtu anapokosa jibu, basi naomba liandikwe pamoja na swali, na muulizaji ni mimi. Mwaka mzima nilimuuliza habari za mtu asiyekuwapo. Nilimuuliza mvua, nikamuuliza mpira, nikamuuliza shemeji. Sikumbuki hata siku moja niliyomuuliza, "Na wewe, hujambo?" Nilikaa kwenye kile kiti nikidhani mimi ndiye ninayemlinda yeye asilale.

Afande ameniuliza kama kuna mtu aliyenishawishi kuhusu maelezo haya. Yuko. Jana jioni msimamizi alinisubiri getini.

"Redio, wewe huna tatizo kabisa. Sema tu kwamba alikuwa anakusikia, mambo yaishe."

"Yaishe kwa nani?"

"Kwako."

"Na kwake?"

"Aa, yule." Alizungusha funguo kidoleni. "Kwani yeye ana nani wa kumuulizia?"

Sikumjibu. Siku hizi mbili nimenyamaza mara nyingi kuliko miaka yangu yote. Simlaumu sana. Naye ana wa juu yake wa kumweleza kwa nini pipa lililodumu vizazi lina tundu usoni, na mtu akiwa na hofu hutafuta aliye mwembamba zaidi apenye kwake.

Mwenye ghala nilionana naye leo asubuhi kabla ya kuja hapa. Nilimkuta mbele ya Bi Mkubwa, kofia mkononi, ameingiza kiganja kwenye ile nafasi niliyoifungua, anapapasa kwa ndani. Nilisimama mbali. Alisema bila kugeuka kwamba alipokuwa mtoto alikuwa anatishwa na pipa hilo, eti linameza watu. Kisha akauliza kama anatengenezeka.

Nikamwambia anatengenezeka. Mbao mbili nitazibadilisha, lakini mbao mpya ni ngeni, zitachukua miaka kuzoea mvinyo na mvinyo kuzizoea, na ladha haitakuwa ileile mara moja. Akauliza, "Na mtu wetu?" Nikasema mtu wetu anakwenda kituoni pamoja nami. Alivaa kofia yake. Hakusema neno jingine kuhusu hasara, na mimi, naomba Afande aandike hili, sikumwongezea neno.

Mimi ndiye niliyevunja. Nilivunja kwa akili zangu na kwa mikono yangu, na kesho Kimbaumbau akinyamaza nitavunja lingine. Haya ndiyo maelezo yangu, yote niliyokusudia kusema na moja nisilolikusudia.

(Sahihi ya shahidi)

MAONI YA OFISA ALIYEANDIKA

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, naye amekiri ni yake. Alilalamika kwamba nimemwandika kama mtu anayeongea sana. Nilimweleza kwamba nimepunguza.

Sikuona kusudio la kuharibu mali kwa yeyote kati ya hao wawili. Mwenye ghala nimempigia simu, amesema hana shtaka na mtu. Nitamshauri mkuu wa kituo jalada lifungwe.

Mwosha mapipa alikuwa kwenye benchi la nje muda wote shahidi alipokuwa ndani. Nilipomuuliza mahali atakapopatikana akihitajika, alitazama sakafu. Shahidi alijibu badala yake, akataja chumba chake mwenyewe nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilimwambia jibu lazima litoke kwa mhusika mwenyewe. Shahidi alifungua mdomo tena, kisha akaufunga. Tulingoja, sote watatu, kwa muda. Mwosha mapipa akasema ni hapo.

Nimeandika hivyo.